Miwa, Tangawizi na Ndimu: Hesabu ya Bilauri Moja

Msimu wa kuvuna miwa unapofunguliwa katika bonde la Ruhembe, wilayani Kilosa, matrekta na malori hupishana usiku na mchana kuelekea kiwandani, na moshi wa mashamba yaliyochomwa hutanda hadi miguuni mwa milima ya Udzungwa. Kila mmoja wetu anajua kinachotoka mwisho wa safari hiyo: sukari. Wachache hujishughulisha kuuliza ni kitu gani kinachobaki. Hubaki uji mzito, mweusi, mtamu wenye uchungu kwa mbali, ambao huitwa molasi. Uji huo ndio mwanzo wa makala haya.

Jioni, si mbali na mashamba hayo, katika hoteli zilizo kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, wageni waliorudi kutoka mbuga ya Mkata kutazama tembo na nyati hukaa barazani na kuagiza kinywaji. Aghalabu ni mchanganyiko wa aina moja, ingawa majina yake ni mengi: pombe kali kidogo, soda ya tangawizi, maji ya ndimu na vipande vya barafu katika bilauri ndefu. Mchanganyiko huo huo huagizwa Nungwi, Paje na Mji Mkongwe wa Unguja. Anayeutazama kwa haraka huona anasa ya wageni. Anayeutazama kwa makini ataona shamba la miwa, bustani ya tangawizi na mti wa ndimu, na nyuma yake ataona suala zito la uchumi na la uhai wa watu.

Yafaa tuseme mapema kwamba si nia ya safu hii kumshawishi mtu yeyote anywe kileo. Wasomaji wetu wengi, hasa wa Visiwani, wamekatazwa na dini yao, na katazo hilo tunaliheshimu. Lakini mkulima wa tangawizi anahusika na bilauri hiyo hata kama hajapata kuionja. Mwenye miti ya ndimu kule Pemba anahusika. Na kiongozi wa serikali, awe anakunywa au hanywi, anahusika kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye anayetoa leseni, anayekusanya kodi, na anayeitwa usiku watu wanapokufa kwa pombe yenye sumu. Hoja yetu ni kwamba vitu vyote vitatu vinavyofanya bilauri ile vinapatikana kwetu, ila bado hatujavisimamia kama mali yetu. Na mali isiyosimamiwa na mwenyewe humletea hasara mara mbili, mfukoni na mwilini.

MCHANGANYIKO ULIOZALIWA NA BAHARI

Wengi hudhani vinywaji vya kuchanganya ni uzushi wa Ulaya na Marekani. Historia inaonyesha kwamba chimbuko lake liko karibu nasi zaidi. Katika karne ya 17, mabaharia na wafanyabiashara Waingereza waliokuwa wakifanya kazi katika bandari za India walizoea kinywaji cha pombe kali, sukari, maji ya ndimu, maji na viungo. Wakakiita punch, na wengi huamini kwamba jina hilo limetokana na neno la Kihindi lenye maana ya tano, kwa sababu ya vitu hivyo vitano. Kwa hiyo kabla ya kufika katika kumbi za London, mchanganyiko huu ulikuwa umekwisha kuyajua maji ya Bahari ya Hindi, bahari ile ile iliyoleta tangawizi, ndimu na miwa katika pwani yetu.

Ndimu iliingia katika kikombe cha baharia kwa sababu ya kutafuta uhai. Mwaka 1747, daktari wa meli James Lind aliwapa mabaharia wenye kiseyeye dawa za namna mbalimbali, akaona kwamba waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Ilichukua muda mrefu wakubwa kusadiki. Mwaka 1795 ndipo jeshi la majini la Uingereza lilipoanza kuwagawia watu wake maji ya malimau. Mwaka 1740, Admirali Edward Vernon alikuwa amekwisha kuamuru pombe ya ramu wanayopewa mabaharia izimuliwe kwa maji, kwa kuwa ulevi ulikuwa ukiharibu kazi. Msomaji na alishike jambo hili, kwa maana tutalirudia: kuchanganya kulianza kwa kupunguza ukali. Hakukuanza kwa kuongeza anasa.

Mchanganyiko wenye tangawizi ulipata sifa kubwa huko Los Angeles, Marekani, mwaka 1941. Kama inavyosimuliwa, mtu mmoja aitwaye John G. Martin alikuwa mkubwa wa kampuni ya Heublein, yenye haki ya kutengeneza vodka ya Smirnoff ambayo Wamarekani hawakuitaka. Rafiki yake, Jack Morgan, alikuwa na baa iliyojaa chupa za bia ya tangawizi zisizonunuliwa. Wakaunganisha mali zao mbili zilizododa, wakakamulia ndimu, wakatia barafu na kuandaa katika kikombe cha shaba. Wakakiita Moscow Mule, yaani nyumbu wa Moscow. Nyumbu huyo si yule wa mbuga ya Mkata; ni yule mtoto wa punda na farasi, ambaye teke lake ni kali. Bidhaa mbili zilizoshindwa kuuzwa kila moja peke yake ziliuzwa zikiwa pamoja.

Mfano wa pili unawafaa zaidi ndugu zetu wa Visiwani. Bermuda ni visiwa vya kilomita za mraba zipatazo 54, ilhali Unguja peke yake inapita 1,400. Bermuda haina mashamba makubwa ya miwa. Lakini familia ya Gosling, iliyofika huko mwaka 1806, huagiza ramu kutoka visiwa vingine, huichanganya kwa utaratibu wake, na kinywaji cha ramu hiyo pamoja na bia ya tangawizi, kiitwacho Dark 'n' Stormy, wamekiandikisha kisheria kama jina lao. Kisiwa kisicho na miwa kinaishi kwa sifa ya miwa. Na jirani zetu wa Nairobi hawakuchelewa: katika mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa mwaka 1980, kinywaji cha vodka, ndimu na asali kilipewa jina la Kiswahili, Dawa, na leo wageni hukiulizia kwa jina hilo hilo katika hoteli za Afrika Mashariki nzima.

KINYWAJI CHA FORODHANI

Hata hivyo, mtu asidhani kwamba tunahitaji kujifunza kila kitu kutoka nje. Nenda Forodhani, Unguja, jua linapozama. Muuzaji huingiza muwa katika mashine ya magurudumu ya chuma, na katikati ya muwa uliokunjwa huweka kipande cha ndimu na kipande cha tangawizi. Vinasagwa pamoja, yanatoka maji ya rangi ya kijani iliyofifia, yanatiwa barafu na kunywewa papo hapo. Mtoto anakunywa, mzee anakunywa, sheikh anakunywa.

Msomaji akilinganisha bilauri hii na ile ya baraza ya hoteli Mikumi, ataona kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Muwa upo, tangawizi ipo, ndimu ipo. Tofauti ni kwamba katika bilauri ya pili utamu wa muwa umepitishwa katika pipa la kuchachusha na mtambo wa kukeneka. Kazi ya kukeneka nayo si ngeni Visiwani. Karibu na mji wa Chake Chake, Pemba, upo mtambo wa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar unaokeneka mafuta ya makonyo ya karafuu, na wafanyakazi wake wanajua vyema kwamba mvuke ukipozwa hugeuka maji yenye thamani kuliko jani lililochemshwa. Ustadi upo. Lililokosekana ni kuuelekeza ustadi huo kwenye vitu vyote tulivyo navyo.

HESABU YA MOLASI

Sasa turudi Kilosa. Kampuni ya Sukari ya Kilombero ina viwanda katika pande mbili za Mto Ruaha Mkuu: Msolwa upande wa Kilombero, na Ruembe upande wa Kilosa. Kampuni hiyo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikawa mali ya umma, na mwaka 1998 ikabinafsishwa, Serikali ikibaki na hisa. Upanuzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2021 ulikusudiwa kuzidisha uzalishaji wa sukari zaidi ya maradufu. Wilaya hiyo hiyo ya Kilosa imepata pia kiwanda cha Mkulazi, huko Mbigiri, kilichozinduliwa mwaka 2024. Tunapozungumza juu ya miwa, kwa hiyo, Kilosa haina budi kutajwa.

Katika viwanda vya sukari, kwa makisio ya kawaida, tani 100 za miwa hutoa kiasi cha tani 10 za sukari na tani 3 hadi 4 za molasi. Tani moja ya molasi ikichachushwa na kukenekwa vizuri hutoa lita zipatazo 250 za kileo kitupu. Chukua tani 4: ni lita 1,000. Zizimue mpaka zifikie nguvu ya asilimia 35, ambayo ndiyo nguvu ya Konyagi yetu, nawe utapata lita zipatazo 2,850. Ukipima mililita 45 kwa kila bilauri, hizo ni bilauri zaidi ya 60,000. Zote zimetoka katika kitu kilichoitwa mabaki. Iwapo mabaki hayo yatauzwa yakiwa ghafi, kuwa chakula cha ng'ombe au mzigo wa kupelekwa nje, tumeuza bei ya uji tukaacha bei ya bilauri.

Tusiwe wasahaulifu wa yaliyofanyika. Kampuni ya Tanzania Distilleries ilianzishwa mwaka 1973, na Konyagi yake ikawa pombe kali ya kwanza kujulikana kote kama ya Mtanzania. Jina lenyewe ni lile ambalo Waswahili walikwisha kuliazima zamani kutoka katika cognac ya Kifaransa. Mwaka 2013 kampuni ya Kilombero ikaanza kuendesha mtambo wake wa kukeneka spiriti safi kutoka katika molasi, na spiriti hiyo huuzwa kwa watengenezaji wa pombe kali. Hatua hizo ni njema. Lakini mgeni anayekaa barazani Mikumi, jirani kabisa na mashamba hayo, akiletewa orodha ya vinywaji, mara nyingi atakuta vodka na ramu zilizovuka bahari mbili. Wahenga walinena kweli: penye miti hapana wajenzi.

UPANDE WA GIZA

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, kwa wito wa kununua vitu vya nyumbani. Lakini bilauri hii ina upande mwingine, na kiongozi asiyeutazama atakuwa ametimiza nusu ya wajibu wake.

Sukari, molasi na matunda ndiyo malighafi ya gongo pia. Sheria ya pombe ya moshi ya mwaka 1966 inakataza kuitengeneza bila leseni. Kwa zaidi ya nusu karne askari wamemwaga madumu na kuvunja mitambo, na kwa muda wote huo mitambo imejengwa upya kandokando ya mito. Aghalabu anayekamatwa ni mama anayetafuta ada ya shule, wala si mwenye mtaji. Na anayekunywa hana namna ya kujua kilichomo chupani. Hapo ndipo hatari ilipo. Spiriti ya viwandani iitwayo methanoli hufanana kwa rangi na kwa harufu na kileo cha kawaida, lakini mwilini hugeuka asidi inayoharibu mishipa ya macho, na kiasi kidogo tu huua. Nairobi, mwezi Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mwaka 2010, katika sehemu za Kabale nchini Uganda, walikufa watu zaidi ya 80 kwa sumu hiyo hiyo.

Marekani nayo iliwahi kulipa gharama kama hiyo, na mhusika alikuwa tangawizi. Baina ya mwaka 1920 na 1933 nchi hiyo ilipiga marufuku vileo. Watu maskini wakageukia dawa ya tangawizi iliyoitwa Jamaica ginger, ambayo ilikuwa na kileo kingi na iliuzwa kihalali madukani. Mwaka 1930 wadanganyifu walitia ndani yake kemikali ili kuwahadaa wakaguzi wa serikali. Makumi ya maelfu ya watu walipooza miguu. Wengi wao walikuwa vibarua, na hawakupata fidia ya maana. Fundisho ni kwamba katazo lisilo na ukaguzi humfukuza mnywaji kutoka mahali panapoonekana na kumpeleka mahali pasipoonekana.

Nchi yetu imewahi kuchukua hatua iliyopimwa vizuri zaidi. Tarehe 1 Machi 2017, kufuatia tangazo la Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, pombe kali katika vifuko vya plastiki, maarufu kama viroba, ilipigwa marufuku. Kiroba cha mililita 100 chenye nguvu ya asilimia 35 kilikuwa na mililita 35 za kileo kitupu, kilitoshea katika mfuko wa shati, na bei yake ilimfikia hata mwanafunzi. Serikali haikukataza pombe kali. Ilikataza kifungashio kilichoifanya pombe kali inywewe kama peremende. Hiyo ni tofauti kubwa, na ndiyo busara tunayoomba iendelezwe.

Uganda ilitangulia kwa njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1965, waliokuwa wakikeneka enguli vijijini walitakiwa kupata leseni na kuiuza kwa kiwanda, na kiwanda kikaisafisha na kuiuza kwa jina la Uganda Waragi. Utaratibu huo haukumaliza pombe haramu, kama maafa ya mwaka 2010 yanavyoshuhudia. Ila ulithibitisha kwamba mkenekaji wa kijijini anaweza kuwa mkulima anayepeleka mali kiwandani, badala ya kuwa mkimbizi wa polisi. Sheria yetu ya mwaka 1966 nayo inataja leseni. Tunauliza: ni wakenekaji wangapi wa Kilosa wamewahi kuelezwa na ofisi yoyote namna ya kuiomba?

KIPIMO

Tulisema kwamba mchanganyiko ulianza kwa kupunguza ukali. Hebu tuthibitishe kwa hesabu. Bilauri yenye mililita 45 za pombe ya asilimia 35, mililita 120 za soda ya tangawizi na mililita 15 za maji ya ndimu, ina mililita 180 zenye nguvu isiyozidi asilimia 9, hata kabla barafu haijayeyuka. Kileo kitupu kilichomo hakifiki mililita 16. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Na kiroba kile cha zamani kilikuwa zaidi ya bilauri mbili kwa mkupuo mmoja.

Hesabu hii ni kweli kwa sharti moja: awepo mtu anayepima. Katika baa nyingi za kandokando ya barabara mhudumu humimina kwa macho, na mteja humsifu anayemimina kwa mkono mwepesi. Tangawizi ni kali na ndimu ni chachu. Vyote viwili huficha ukali wa pombe, na mnywaji huamka kujua alichokunywa wakati miguu imekwisha kukataa. Mji wa Mikumi uko juu ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, na barabara hiyo hupita katikati ya hifadhi ambamo tembo na twiga huvuka bila kumwomba mtu ruhusa. Sheria inamwekea dereva ukomo wa miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu. Lakini dereva wa lori la tani 30 usiku, mbele yake kundi la nyati, ukomo wake wa haki ni sifuri. Kikombe cha kupimia cha mililita 25 au 45, ambacho ni kitu cha bei ndogo, kingefaa kiwe sharti la leseni ya kila baa, kama mizani ilivyo sharti kwa mwuza nyama.

Jambo dogo la afya nalo lisiachwe. Vikombe vya shaba vya Moscow Mule vimeanza kuonekana hata katika hoteli zetu. Bibi zetu walijua kwamba sufuria ya shaba haipikiwi kitu kichachu mpaka ipakwe bati ndani, kwa sababu uchachu huitoa shaba ikaingia chakulani. Ndimu ni chachu kama ukwaju. Kikombe kisichopakwa kitu ndani kibaki pambo la rafu.

TANGAWIZI NA NDIMU ZINAHITAJI MWENYEWE

Katika bilauri ile, kitu kinachojaza nafasi kubwa ni tangawizi, wala si pombe. Hapo ndipo tunapoona tumaini kubwa zaidi, kwa kuwa tangawizi haina mpaka wa dini wala wa umri. Hulimwa Mamba na Miamba wilayani Same, hulimwa Kigoma na Ruvuma, hulimwa katika milima ya Mkoa wa Morogoro na katika mashamba ya viungo ya Unguja. Bado soda ya tangawizi inayojulikana zaidi nchini ni ya kampuni kubwa ya kigeni, na mkulima huuza tangawizi yake mbichi kwa gunia, bei ikipangwa na mwenye lori.

Kutengeneza kinywaji chake si siri. Waingereza waliitengeneza bia ya tangawizi tangu karne ya 18 kwa kuchachusha tangawizi, sukari, maji na limau. Bia hiyo ya kuchachushwa huwa na kileo, kidogo au kingi kwa kadiri ya siku ilizokaa, na msomaji Mwislamu anayetengeneza nyumbani kwa hamira na kuiacha siku kadhaa yafaa alijue hilo. Njia ya pili ni kuchemsha tangawizi na sukari, kuchuja, kutia ndimu, kisha kutia hewa ya soda kwa mashine. Hii haina kileo, na ndiyo inayoweza kuuzwa kwa mtalii, kwa mwanafunzi na kwa mfungaji anayefuturu, bila mtu kuuliza swali.

Ndimu nayo ina somo lake. Mwaka 1867 mfanyabiashara wa Scotland, Lauchlin Rose, aligundua namna ya kuhifadhi maji ya ndimu kwa sukari bila kutia pombe, na chupa zake zikaenea duniani. Tunalitaja hilo kwa sababu kila mwaka, wakati wa mavuno, ndimu huoza chini ya miti Unguja na Pemba, kisha miezi michache baadaye bei yake hupanda hadi mpika urojo akalalamika. Chupa iliyofungwa vizuri ingeziba pengo hilo. Kiwanda cha sukari cha Mahonda, kilichojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, kiko pale pale Unguja. Sukari, ndimu na tangawizi katika kisiwa kimoja: nini kingine kinachosubiriwa?

Mwanzoni mwa mwaka 2024, utaratibu wa vibali vya waagizaji ulipobadilishwa, hoteli za Zanzibar zilipungukiwa na vileo, na wenye hoteli wakaingia hofu kwamba wageni wataondoka. Hatuingii katika mabishano ya vibali. Tunachoona ni kwamba biashara iliyotegemea chupa za meli ilitikiswa kwa muda mfupi mno, na kwamba hoteli ambayo ingekuwa na kinywaji chake cha tangawizi, miwa na ndimu, kizuri na chenye jina, ingekuwa na kitu cha kumpa mgeni hata siku ambayo chupa za nje hazikufika.

YANAYOWEZEKANA

Tunatoa rai kwa viongozi wanaohusika, wa Bara na wa Visiwani. Kwanza, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 limepewa pia dhamana ya usalama wa chakula, na wenzake wa Zanzibar, wawafikie watengenezaji wadogo wa vinywaji vya tangawizi na ndimu kwa mafunzo kabla ya kuwafikia kwa faini. Pili, SIDO na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho kiko Morogoro, mwendo wa saa chache tu kutoka Kilosa, washirikiane kuwapatia wakulima mashine ndogo za kukamua, kuchemsha na kufunga chupa. Tatu, halmashauri zitafute njia ya kuitumia sheria ya leseni ya pombe ya moshi kwa kuwaunganisha wakenekaji na viwanda, na sampuli za mitaani zipimwe methanoli mara kwa mara, pasipo kusubiri maiti. Nne, stempu za kodi za kielektroniki zilizoanza mwaka 2019 zitumike kumlinda mnywaji kama zinavyoilinda hazina: kila mwananchi afundishwe kwamba chupa isiyo na stempu inaweza kuwa kaburi. Tano, kipimo kiwe sharti la leseni ya baa, kuanzia zile za barabara kuu.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha za kigeni nyingi wala mtaalamu wa mbali. Treni ya reli ya kisasa imekuwa ikipita Kilosa tangu mwaka 2024. Barabara ya Mikumi haijalala tangu ilipotiwa lami. Na boti za Dar es Salaam na Unguja huvuka kila siku. Gunia la tangawizi la Morogoro na kapu la ndimu la Pemba vinaweza kukutana katika siku moja. Swali ni nani atakayevikutanisha, na faida yake itabaki mikononi mwa nani.

Anayekunywa na ajue anachokunywa na kiasi chake. Asiyekunywa na apate kinywaji chake kilicho safi, kikali kwa tangawizi na chachu kwa ndimu, kutoka katika chupa iliyoandikwa jina la kijiji kinachojulikana. Na mkulima wa Ruhembe, anayekata muwa juani, asiishie kulipwa bei ya muwa peke yake, maadamu jasho lake liko ndani ya kila bilauri.